Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Miaka Kumi: Habari ya Mkojo wa Sungura



 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii tukiwa wazima. Tunawakumbuka pia wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki kabla ya kuiona. Mungu awarehemu.

Mgeni Rasmi, risala ya kikundi imekwisha kusomwa na Katibu. Hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mmezisikia, hatutazirudia, maana jua linapanda na pilau huko nyuma linapoa. Sisi wanachama wametupa kazi moja tu, tueleze habari ya mkojo wa sungura. Humu katani wapo wanaotuita "akina mama wa mkojo". Mwanzoni tulikasirika sana. Lakini siku hizi mgeni akishuka kwenye gari akitaja jina la kikundi lile la kwenye cheti, anaambiwa hakijulikani. Akisema akina mama wa mkojo, anapewa mtoto wa kumsindikiza mpaka mlangoni. Basi jina tumelipokea.

Tulipoanza tulikuwa 22. Hisa moja shilingi 1,000, sanduku moja la bati, kufuli tatu na wenye funguo watatu ambao hawakai nyumba moja. Tulikubaliana mtu akope mpaka mara tatu ya hisa zake. Tulijisifu sana, fedha inazunguka. Katika mwaka wa tatu mweka hazina wetu wa wakati ule akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alichukua daftari la mikopo akapita nyumba kwa nyumba, akamwuliza kila mtu mkopo wake ulikwenda wapi. Kuna waliolipia shule, kuna waliouguza, kuna waliofanya biashara ya kamba na samaki, hao sawa. Ila sisi wenye bustani, tulikuwa 11, karibu nusu ya kila mkopo ilikwenda kwenye mbolea na dawa. Yaani tunakopa kwenye sanduku, tunapeleka dukani Kibiti, tunarudi kuuza mchicha tulipe sanduku. Kumbe tulikuwa matarishi tu wa kubeba fedha.

Mtatuuliza kwa nini mbolea, na nchi hii ya Rufiji ina rutuba. Ni kweli, kule chini deltani mto ndio mbolea. Wazee wetu walilima mlau. Maji ya mafuriko yakishuka wanapanda kwenye unyevu na tope jipya, wanakaa juu ya madungu kuamia ndege na kuzuia nguruwe. Hawakujua urea ni kitu gani, wala hawakuihitaji. Lakini bustani zetu nyingi ziko huku juu, kwenye mchanga wa mikorosho na minazi. Mchanga huu unakunywa na kusahau. Ukiweka mbolea leo, kesho ikinyesha mvua kubwa imekwenda zake chini. Ndiyo maana mchicha, bamia na nyanya chungu za huku zinadai kila wiki. Na nyanya ndiyo usiseme, tangu yule mdudu kanitangaze alipoingia nchini mwaka 2014, mtu anapulizia mpaka mkono unauma, na nyanya zinatobolewa vilevile.

Na usafiri nao. Mwaka 2017 mnaukumbuka wenyewe, hatuna haja ya kusimulia mbele ya watoto. Pikipiki zikakatazwa kutembea kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi katika wilaya zetu hizi. Mwenye bustani akichelewa Kibiti alilala huko huko na kichupa chake cha dawa.

Sungura wenyewe walikuja kwetu kwa ajili ya nyama. Mwenzetu mmoja alileta watatu kutoka Mbagala, wajukuu wakafurahi, mama mkwe akanuna kwa harufu. Ni huyo huyo mama mkwe aliyekuwa akimwaga maji ya kuoshea banda kwenye shina la mpapai na kwenye maboga nyuma ya jiko. Maboga yale yalitambaa mpaka juu ya choo. Basi tukaanza kuulizana. Tukasoma kwenye jarida la Mkulima Mbunifu mambo ya kilimo hai, tukasikia pia kuwa Kenya wapo wafugaji wanaouza mkojo wa sungura kwa chupa na unawalipa. Tukasema, ah, kumbe mali tunaimwaga. Tukanunua sungura wa kikundi wanane kwa fedha ya mfuko.

Hapa, ndugu zetu, ndipo tulipokosea, na tumeamua tuseme mbele ya watu wote, maana wengine mnaanza kufuga sasa na tusingependa mpite tulikopita.

Kuna kijana alipita akatuambia mkojo ukiwa mbichi ndio wenye nguvu, usiuchanganye na kitu. Tulikuwa na haraka, tukamwamini. Dumu la kwanza lilipojaa tukampa mwenzetu aliyekuwa amekopa shilingi 180,000 kwa ajili ya nyanya na pilipili hoho. Miche yake ilikuwa mizuri, ndiyo kwanza imekamata. Akamwagilia mchana, jua kali, mkojo mtupu. Siku ya tatu kingo za majani zikawa za kahawia kama zimelambwa na moto. Baada ya wiki hapakuwa na kitu, mchanga na vijiti vikavu.

Kikao kilichofuata hatutakisahau. Tulikaa toka saa 4 asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Mwenzetu alisema neno moja tu, akalirudia: "Nimekopa kwa kikundi, nimeunguziwa na kikundi, halafu nikilipe kikundi?" Wengine wakasema katiba ni katiba, mkopo ni mkopo. Mmoja akasema kama mambo yenyewe ni haya tufungue sanduku kila mtu achukue chake. Funguo zote tatu zilikuwa mezani, tunawaambieni kweli. Angenyanyuka mtu mmoja wa kufungua, leo msingekaa chini ya turubai hili.

Mwishowe tukakubaliana hivi. Kosa lilikuwa la wote, kwa hiyo nusu ya deni ilibebwa na mfuko wa jamii, na nusu akalipa yeye kwa miezi sita bila ada. Tena tukaweka sharti katika katiba, lipo mpaka leo kifungu cha 14, kwamba kitu chochote kipya hakiendi kwenye bustani ya mwanachama mpaka kikae msimu mzima kwenye tuta la majaribio nyuma ya ofisi. Mwenzetu yule hagusi mkojo wa sungura mpaka leo. Ndiye mweka hazina wetu sasa, na hesabu zake hazijapishana hata shilingi. Hatumlazimishi.

Sasa tueleze kwa nini uliunguza, kama tulivyokuja kufahamu baadaye. Ndani ya mkojo mna urea, ni ndugu yake ile ya mfuko. Ukikaa, urea inageuka amonia, ile hewa kali inayochoma pua. Mkojo mtupu una amonia nyingi na chumvi nyingi kuliko mche mdogo unavyoweza kubeba, na chumvi badala ya kuupa maji mzizi inauvuta maji. Mmea unakufa kwa kiu umesimama kwenye maji. Kumbe hata urea ya dukani ukiirundika kwenye shina mambo ni hayo hayo.

Siku hizi tunafanya namna hii. Mkojo unakusanywa, unachujwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu kutoa manyoya na kinyesi, unatiwa kwenye dumu, unafunikwa kabisa, unawekwa kivulini wiki mbili mpaka mwezi. Kufunika ndilo jambo kubwa. Watu wanadhani tunafunika kwa ajili ya harufu isiwasumbue majirani. Harufu ile ndiyo mbolea yenyewe inaruka! Ukiacha dumu wazi mwezi mzima, utakuja kumwagia mboga maji machafu tu. Ila kifuniko kilegezwe kidogo siku moja moja upepo utoke, lisije likavimba.

Kipimo chetu ni kopo moja la mkojo kwa makopo kumi ya maji kwa miche na kwa kupulizia majani, na kopo moja kwa matano kwa mimea iliyokwisha komaa, tena kwenye udongo pembeni ya shina, si juu yake. Jioni, udongo ukiwa na unyevu, halafu unafukia kidogo kwa jembe. Ardhi ikiwa kavu, kwanza maji matupu. Kopo tunalopimia ni moja, limefungwa kamba kwenye nguzo ya banda, maana kila mtu akija na kopo lake kila mtu ana kipimo chake.

Msishtuke mkojo ukiwa mwekundu kama chai, au mweupe kama umetiwa chokaa. Rangi inatokana na majani anayokula, na ule weupe kweli ni chokaa, sungura akipata nyingi mwilini anaitoa kwa njia hiyo. Mwenzetu mmoja alichinja jike zuri akidhani lina ugonjwa wa damu. Tulimla, lakini kwa majonzi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi mmekuja kulisikia, la najisi. Sisi hapa wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kikundi kilipoanza kushika mkojo, maneno yakawa mengi, kwamba tunaswali na nguo za mkojo, tunalisha watu haramu. Waume wawili wakawatoa wake zao. Tukaona tusijibishane barazani, tukamwendea shekhe wa msikiti wetu, tukaa chini, tukauliza. Akatujibu bila kutupamba. Mkojo ni najisi, hata wa mnyama anayeliwa, na sungura analiwa. Ukikugusa osha, nguo badilisha kabla ya swala. Lakini kuutia shambani kama mbolea si haramu, na kinachoota kwenye udongo ule ni halali. Jani lililorushiwa lioshwe. Basi, likawa limekwisha hilo. Toka siku ile tuna magauni ya kazini yanayobaki bandani, glavu, na ndoo ya maji mlangoni. Na mboga za majani kama mchicha hatuzipulizii kabisa zikishabakiza wiki mbili kuchumwa. Hata pasingekuwa na sheria ya dini, nani anataka kula mchicha una mkojo?

Lakini likabaki la pili, gumu zaidi. Watu walianza kuja na fedha kutaka kununua. Shekhe akasema hapana, kitu cha najisi chenyewe hakiuzwi. Tukasikitika, tulikwisha piga hesabu. Akatuacha tusikitike kidogo, ndipo akasema: mwenye nacho anaweza kuondoa mkono wake, akamwachia mwenzake, na akalipwa kwa huko kuondoa mkono, na kwa kazi yake na chombo chake. Kwa hiyo mkitazama daftari letu hamtaona mahali palipoandikwa "mauzo ya mkojo". Mtaona "kuachia, kazi na dumu". Wapo waliocheka, wakasema ni maneno tu. Sisi hatuoni kuwa ni maneno tu. Kikundi chenye sanduku kinaishi kwa kuaminiwa, na wale waume wawili wakawarudisha wake zao.

Banda letu nalo mtaliona baadaye, mzee mmoja alilipa jina "dungu la sungura", na ni dungu kweli. Limeinuliwa juu kwa nguzo, sakafu ya fito zenye nafasi, chini yake nailoni ngumu iliyoinamishwa kuelekea kwenye mfereji na dumu. Mwanzo tuliweka bati, mkojo ukalila kwa kutu haukufika mwaka. Tumelijenga chini ya mwembe. Huku kwetu pwani adui mkubwa wa sungura ni joto. Hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa masikio. Joto likipita nyuzi 30 anataabika, dume linapoteza nguvu ya kuzalisha kwa muda, nanyi mnabaki mnamlaumu jike. Miezi ya Desemba mpaka Machi tunawawekea chupa za maji baridi ndani, na hatutegemei watoto wengi. Chatu ametuibia mara mbili, siafu mara moja, na siafu ndio wabaya kuliko chatu, maana chatu huchukua mmoja.

Kule kuinua juu kulitusaidia kwa namna ambayo hatukuipanga. Aprili 2024 mafuriko yalipokumba Rufiji na Kibiti, wenzetu wenye mabanda ya chini walipoteza sungura wote usiku mmoja. La kikundi lilibaki, maji yalifika kwenye nguzo yakarudi. Tarehe 4 Mei likaja jina jipya, kimbunga Hidaya, makuti ya paa yakaondoka lakini wanyama wakabaki wamelowa wanatutazama. Mwaka ule wenye mpunga deltani walipoteza mpunga, tukasogeza mikopo yao mbele kwa miezi minne. Tunasema wazi kwamba mkojo wa sungura haukumsaidia mtu yeyote mwezi ule. Sanduku ndilo lililosaidia.

Na yapo mengine ambayo haufanyi. Harufu yake inafukuza baadhi ya wadudu, vidukari wa bamia tumeona wanapungua. Kanitangaze wa nyanya haumwezi. Viwavijeshi vamizi wa mahindi hauwawezi. Anayewaambia unaua kila mdudu anataka kuwauzia kitu. Tena si mbolea ya ekari. Sungura mkubwa mmoja hatoi hata nusu lita kwa siku. Wanane wetu wanajaza dumu la lita 5 kwa siku tatu au nne. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na dumu letu sehemu kubwa ni maji. Kwa matuta ya mboga unatosha na kusaza. Kwa shamba la mpunga ni kujichosha.

Jambo la mwisho kuhusu hili ni chumvi, na hapa tunaomba wenzetu wa mwambao wa deltani, wa Nyamisati na Kiomboni na kwingineko, watusikilize vizuri. Wakati wa kiangazi mto ukipungua nguvu, maji ya bahari yanapanda kwenye vijito, na visima vya karibu na mikoko vinaanza kuwa na ladha. Udongo wa namna hiyo tayari una chumvi. Mkojo nao una chumvi. Ukiumwagia hapo unaongeza deni juu ya deni. Tuliona kwenye tuta letu la majaribio la pili, lile la karibu na kijito, bamia zilidumaa wakati za huku juu zilikuwa zinafika kiunoni. Mahali kama hapo tumieni kile kinyesi chake kikavu na mboji, na mkojo uache mpaka mvua za masika zimeuosha udongo. Ukionja maji ya kisima chako ukakunja uso, usimwagie mkojo.

Mweka hazina ametaka tutoe na hesabu, ingawa tuliahidi kutotoa. Kati ya wale wenye bustani 11 wa mwanzo, 9 wanatumia mkojo. Safari hii alipopita tena na daftari lake, sehemu ya mkopo inayokwenda kwenye mbolea na dawa imeshuka kutoka karibu nusu mpaka kama sehemu moja ya tano. Yeye mwenyewe anasema tusijisifu sana. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda, mfuko ukapita shilingi laki moja, watu wengi waliacha kununua kwa sababu hawakuwa nazo, si kwa sababu ya sungura. Na ruzuku ya serikali ilipoanza msimu wa 2022/2023 waliojiandikisha waliinunua kwa nafuu. Kwa hiyo katika huo unafuu sungura ana fungu lake na ruzuku ina fungu lake, na hatujui kuzigawa. Tunachojua ni kwamba mwaka huu watatu kati yao hawakukopa kwa ajili ya bustani kabisa. Mmoja amekopa cherehani, mmoja ameezeka, mmoja amesema hana shida ya mkopo. Sanduku halijawahi kusikia neno hilo.

Mgeni Rasmi, baada ya chakula wanachama wawili watawapeleka wanaotaka kuona dungu. Wanaovaa kanzu nyeupe wasimame upande wa juu wa upepo. Wanaotaka mkojo waje na dumu lao wenyewe, safi, lisilokuwa la mafuta ya taa, na majina yataandikwa kwa zamu kwa sababu uliopo leo ni madumu sita tu. Watoto wa sungura bado wananyonya, wataachishwa mwezi ujao, na tayari wana wenyewe wanane kwenye orodha.